Nikimsema paka, mume wangu ananuna

Ndugu mshauri,

Paka wetu anaitwa Pamba. Jina hilo alipewa na mume wangu, siku alipomwokota akiwa anaenea kiganjani. Wiki tatu zilizopita nilimpeleka kwa daktari wa mifugo, akapandishwa kwenye mizani: kilo 8.2. Paka wa umbo lake, nikaambiwa, hatakiwi kuzidi kilo 5. Daktari akanielekeza nimpapase ubavuni nitafute mbavu. Nilibonyeza, nikabonyeza tena, sikuzipata. Karibu na mkia manyoya yameshikamana na kujaa mba, kwa sababu hafikii tena kujilamba. Nilidhani ni uzee. Ana miaka 7 tu.

Tangu mzee astaafu, hawa wawili wanakula pamoja. Pamba ana kiti chake mezani. Tonge moja la mzee, moja la paka. Usiku nasikia mlango wa friji, kisha kishindo cha Pamba akishuka kitandani, halafu kimya. Nikienda nawakuta wamesimama kwenye ule mwanga wanakula jibini. Daktari alinihesabia: kipande cha gramu 30 kina kalori kama 120, na paka anayepunguzwa uzito hupewa kama 200 tu kwa siku nzima. Kabla hakujakucha ameshamaliza zaidi ya nusu.

Sasa nampimia chakula kwa mizani ya jikoni. Nilitaka kumnyima kabisa siku mbili tatu, daktari akanikataza vikali: paka mnene akikaa siku chache bila kula, mafuta hujaa kwenye ini na anaweza kufa. Apungue kama asilimia 1 ya uzito wake kwa wiki, yaani gramu 80 hivi. Hiyo ni kazi ya zaidi ya miezi 9, na kila usiku inaanza upya.

Lakini paka ningemweza. Nikisema, “Pamba amenenepa,” mume wangu anavuta shati lake kufunika tumbo. Nikimwomba asimpe tonge, anasukuma sahani, anasema ameshiba, na hatuongei mpaka kesho yake. Juzi aliniuliza, “Na mimi utanipimia kwenye mizani?” Nilinyamaza, maana kweli nilikuwa nimeliwaza. Ana shinikizo la damu na magoti yanamuuma. Wakipanda ngazi wanapumzika pale pale katikati, yeye na paka, na mimi nikiwa chini nawatazama roho inanidunda.

Sitaki kumwondoa Pamba mezani. Kulisha ndiyo namna ya mume wangu ya kupenda. Watoto wetu aliwapenda hivyo hivyo, na walipohama mkono wake ulibaki unatafuta pa kupeleka tonge.

Je, niendelee kumzungumzia paka, nikitumaini mwenye sikio atasikia? Au nimkalishe nimwambie waziwazi kwamba nawahofia wote wawili? Na nianzeje asione namwita mlafi?

Daktari alishauri sehemu ya kipimo cha siku cha Pamba itengwe kwenye kikopo, mzee awe anampa hiyo kidogo kidogo. Kikopo nimeshakiweka mlangoni mwa friji. Bado sijamwambia ni cha nini.

Mimi mke mwenye hofu