Shukrani kwa uliyetufutia maji kupwa ziwani

Kwako uliyepitia miswada yetu kwa penseli na hukuandika jina: ahsante sana, kutoka kwetu waandishi wa Mwanza.

Kosa ulilozungushia duara ni la wengi. Aliyesoma riwaya za pwani tu huiandika Kirumba, mtaa wetu wa ufukweni, kama Forodhani ya Zanzibar: maji yanakupwa na kujaa, upepo una chumvi. Ziwa letu, Victoria, ni la maji baridi, mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na kupwa kwake hakuonekani kwa jicho. Saa ya mvuvi wa dagaa ni mwezi: huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka hupumzika, maana dagaa hawakusanyiki vizuri kwenye taa. Ukiweka karabai na mwezi mpevu pamoja, watu wa mwaloni, wanakoshushia samaki, watakucheka.

Njia yako tumeishika. Kwanza soma kwa ajili ya kisa. Mara ya pili pigia mstari vitenzi vya kazi na majina ya vifaa, sifa ziache ("maridadi" haina anwani). Kisha funika jina la mahali. Aya ikiweza kuhamia Tanga bila kubadilika neno, bado.

Na ahsante kwa Aniceti Kitereza, mwandishi wa kisiwa cha Ukerewe! Alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, ikatoka kwa Kiswahili 1980. Humo mahali hujengwa na kilimo, pombe ya ndizi na adabu za kupokea mgeni, si mandhari.

Nakala ya riwaya hiyo uliyotuazima tumeivalisha jalada la nailoni. Ipo, njoo uichukue.