Barua kwa mwanangu anayejiandaa kwa mtihani wa lugha

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba umeanza kudurusu mapema. Nimeliona daftari lako, kila ukurasa umepigiwa mistari ya rangi, na najua unayasoma maelezo yale yale kila jioni. Bidii hiyo naithamini sana. Ila nakuomba uielekeze kwingine. Siku ya mtihani utapewa kifungu ambacho hujawahi kukiona, na utaambiwa uandike insha ambayo hujawahi kuiandika. Maelezo ya daftarini utakuwa umeyaacha nyumbani, na utakayokuwa nayo ni mazoea tu ya kusoma na kuandika.

Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine walikisoma kifungu mara mbili. Wengine walikisoma mara moja, kisha wakaandika yote waliyoyakumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: walioandika walikumbuka takriban asilimia 56 ya yaliyokuwamo, na wale wengine takriban asilimia 42. Ndiyo maana ukirudia maelezo usiku unajiona umeiva, kisha siku chache baadaye unashangaa yamekwenda wapi. Soma, funga daftari, andika. Kisha fungua uone ulichosahau, na hapo ndipo pa kurudia.

Sasa ufahamu, ambao najua ndio unaokutia wasiwasi. Soma maswali kwanza, upate kujua unatafuta nini. Kisha soma kifungu chote bila kukatiza, hata ukikutana na neno gumu. Mara ya pili soma ukiwa na kalamu mkononi. Maswali mepesi yatajibiwa na sentensi iliyo wazi mbele ya macho yako. Magumu ni yale ambayo mwandishi hakutamka jibu, ameacha dalili tu. Tazama sentensi hii: “Asha aliufunga mlango taratibu, akavua viatu, akapita ukumbini bila kuwasha taa.” Ukiulizwa kwa nini Asha hakuwasha taa, utashawishika kujibu kwamba umeme ulikatika. Huenda kweli, lakini hakuna neno hata moja linalosema hivyo. Umelitoa kichwani mwako. Mlango uliofungwa taratibu na viatu vilivyovuliwa vinaonyesha mtu asiyetaka kujulikana kuwa ameingia. Jibu lako liseme hivyo, kisha litaje dalili zote mbili. Kila ukijibu swali la namna hii, jiulize: nimeliona wapi? Kama huwezi kuweka kidole kwenye mstari, jibu hilo bado halijawa jibu.

Ukiulizwa maana ya neno kama lilivyotumika, fanya vivyo hivyo. “Paa” ni sehemu ya nyumba, ni mnyama, na ndege naye hupaa. Chukua maana uliyoichagua, iweke katika sentensi badala ya neno lenyewe, uone kama sentensi inasimama. Na usome swali kwa makini kama unavyosoma kifungu. “Taja” hutaka kidogo. “Eleza” hutaka sababu. Anayeulizwa mambo mawili akajibu moja hupoteza alama za kitu anachokijua kabisa, na hilo huniuma kuliko alama za kitu usichokijua.

Kwenye ufupisho, kosa kubwa ni kuchukua sentensi za mwandishi na kuzipanga upya. Orodhesha hoja kuu kwa maneno machache, funika kifungu, kisha ziunganishe kwa lugha yako. Mifano na maelezo ya ziada yaache. Idadi ya maneno ihesabu kweli, usikisie.

Sarufi sitaizungumza sana, maana uko vizuri. Angalia tu upatanisho katika sentensi ndefu, pale nomino inapokuwa mbali na kitenzi chake. Kumbuka viumbe hai: kifaru amelala, hata kama jina lake linaanza na ki-. Na katika tahajia, “amekua” ni mtoto aliyeongezeka kimo, “amekuwa” ni habari nyingine. Usiidondoshe h katika “huyu” na “hapo” kama mnavyoandikiana kwenye simu.

Insha ndiyo ninayoipenda kuliko yote, kwa hiyo nivumilie. Najua wengi hukariri mianzo: jua linachomoza, ndege wanaimba, upepo unapunga. Mwanzo wa namna hiyo ukibandikwa juu ya insha kuhusu faida za kusoma vitabu, msomaji hujua mara moja kwamba umeazimwa. Methali nazo ni hivyo hivyo. Moja iliyokaa mahali pake ina nguvu, tano zilizorundikwa zinachosha. Kabla ya kuanza, tumia dakika chache kupanga: nani atasoma, ninataka akubali nini, hoja zangu ni zipi, ipi itangulie. Kila aya ibebe jambo moja. Ukiandika kwamba mhusika alikuwa na huzuni, jaribu kuifuta sentensi hiyo na kuonyesha alichofanya. Wewe una jicho la kuona vitu vidogo tangu ukiwa mdogo, na ningependa kulikuta kwenye karatasi yako.

Bakiza muda wa kuisoma insha mwishoni. Isome polepole, midomo ikitikisika bila sauti, kwa sababu jicho huruka neno lililokosekana ilhali ulimi hujikwaa. Pale pumzi inapokuishia, angalia kama nukta ilipaswa kuwapo. Ukiona kosa, likate kwa mstari mmoja safi na uandike lililo sahihi juu yake. Hakuna ubaya wowote katika karatasi iliyosahihishwa na mwenyewe.

Kwa siku zilizobaki, nakuomba kila jioni ufanye kifungu kimoja na aya moja ya insha, basi. Kisha ulale. Jumamosi tukae pamoja. Wewe uchague kifungu, ukisome vizuri, unitungie maswali, na angalau mawili yawe ya dalili kama lile la Asha. Mimi nitajibu kwa maandishi, nawe utanisahihisha kwa kalamu nyekundu. Usinihurumie: jibu ambalo sikulionyeshea mstari wake, lipe sifuri.

Akupendaye daima,
Mama yako