Koma zitangoja, someni kwanza tulichoandika

Mhariri, salaam,

Naomba nafasi kidogo nitoe la moyoni maana nikinyamaza ntapasuka. Mie ni mwanafunzi wa biashara mwaka wa mwisho hapa Mombasa na huu mwezi wa saba nahangaika na risachi ya kumalizia digrii. Si kwamba sitaki kuandika, aka! Mada nilichagua mwenyewe na naipenda, wachuuzi wa pale Likoni feri, wanavyozungusha mtaji wao na feri ikichelewa ama ikiharibika biashara yao inakwendaje. Nimezaliwa ng'ambo hiyo, hao watu nawajua tangu niko praimari.

Balaa ilianza kwenye hojaji. Nikaambiwa iwe ya Kiingereza na maswali yawe ya ile skeli ya Likert, moja mpaka tano, kutoka nakataa kabisa hadi nakubali kabisa. Haya, nikatoa nakala saiba nikaenda. Kuna mama auza viazi karai karibu na watu washukapo, mafuta yachemka, wateja wamemzunguka, na mie nimesimama na karatasi zangu namtafsiria papo kwa papo, mama, upatikanaji wa mtaji unaathiri ukuaji wa biashara yako, unakubali ama unakubali sana? Akanitazama, akageuza viazi vyake, akanambia, "Mwanangu, kukubali sana ndo kupi? Nikikubali si nishakubali." Watu wakacheka, na mie n'kacheka, lakini kalamu imeganda, nitie alama nne ama tano?

Halafu akaanza kunihadithia mwenyewe bila kuulizwa. Viazi na unga huchukua kwa deni asubuhi, jioni alipa. Feri ikikwama kidogo yeye hushukuru, watu wamejaa na njaa zao, viazi vyaisha. Ikikwama sana mpaka watu wakageuza, vile alivyokwisha kaanga vyalala na deni lalala nalo, kesho yake aanza chini ya sufuri. Yaani kwa dakika kumi alinieleza mada yangu yote, na kwenye hojaji hakuna kisanduku cha kuyaweka hayo.

Nikayaandika kwenye sura ya nne. Yakakatwa kwa wino mwekundu, eti utafiti wako ni wa takwimu, hadithi toa. Sawa. Lakini ukitazama hiyo nakala yote, Mhariri, wino ulobaki ni wa koma baada ya mwaka, pambizo, ukubwa wa herufi, na kwamba nimefuata toleo la sita la APA, ule mwongozo wa kuandika marejeleo, badala ya la saba la 2019. Hapana hata mstari mmoja uloniuliza, je, hawa wachuuzi uliwaona kweli? Nami supavaiza simlaumu sana, tumempanga foleni kama abiria wa jioni, koma huonekana haraka kuliko hoja.

La kuniudhi zaidi ni hili la marejeleo. Nilipata kitabu cha zamani maktaba kuhusu biashara za mji huu, kikachorwa mstari, ni cha zamani, tumia vya miaka mitano. Lakini fomula ya kutafuta idadi ya watu wa kuwahoji ni ya Yamane, 1967, wachuuzi nilokadiria ni 400 ikanipa 200, hakuna alosema imezeeka! Na hiyo skeli ya Likert ni ya 1932, hata bibi yangu hajazaliwa. Nilipouliza nikaambiwa hiyo ni tofauti. Tofauti gani sikuambiwa. Basi hizo makala mpya ukizitafuta nyingi zataka dola ndo zifunguke, kwa hivyo nasoma muhtasari tu na kunukuu wachuuzi wa nchi sijakanyaga, huku wa Likoni wamefutwa. Feri kwa waendao kwa miguu ni bure, bando na kuprinti si bure.

Naomba vyuo vyetu viwili vitatu tu. Kama wahojiwa wazungumza Kiswahili, hojaji iwe ya Kiswahili tangu mwanzo, ripoti andikeni kwa Kiingereza sina neno, lakini Katiba ya 2010 kifungu cha 7 yasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, sasa mbona tukitoka kwenda kuhoji twakificha? Kitabu cha zamani kuhusu Mombasa kikubaliwe kama ilivyokubaliwa fomula ya zamani. Na supavaiza asome maneno kwanza, koma atazikuta palepale.

Ijumaa napeleka nakala ya nne, pambizo nimezipima kwa rula. Na yule mama, kama mwataka kujua, nilimtia nne.

Mwanafunzi,
Likoni, Mombasa