Tushikwe bega kabla ya kuandikiwa vidonge

Ndugu Mhariri,

Asalaam alaykum. Mimi ni mkulima wa mwani hapa Jambiani, umri wangu miaka 54. Niliingia pwani miaka michache tu baada ya kilimo hiki kuanza huku kwetu 1989, na tangu hapo kila bamvua hunikuta majini, nimeinama nafunga tai-tai, vile vikamba vya kushikiza mwani. Kwa hiyo bega la kushoto lilipoanza kuuma sikushangaa, nikasema ni mapolo ya mwani mbichi hayo. Nikachua mafuta ya karafuu, nikasubiri lipoe.

Halikupoa. Ikawa nikihirimia sala mkono wa kulia unapanda, wa kushoto unaishia kifuani. Usiku ubavu ule haulaliki. Sidiria nikawa nafungwa na binti yangu, mtu mzima mimi.

Nilikwenda kituo kimoja cha afya mara tatu. Nikiulizwa panauma wapi naonesha kwa kidole, naandikiwa vidonge, narudi nyumbani. Mara ya tatu nikapigwa picha, ikatoka safi, nikaambiwa sina kitu. Bega lenyewe hapana aliyeligusa. Lakini niseme na ya kwangu: siku ya kwanza niliambiwa nivue baibui, nikakataa. Chumba hakina pazia na foleni yote inachungulia.

Mwezi wa Rajabu mwanangu akanipeleka mjini kwa bibi mmoja anayetibu kwa mazoezi ya viungo. Nilitazamia mashine, wala hakuwa nayo. Alivuta pazia, akanisimamisha mabega wazi, akazunguka nyuma kuyatazama yote mawili kama fundi anayeangalia mlango umekaa sawa. Akapitisha vidole juu ya mtulinga mpaka ncha ya bega. Akanigeuza shingo huku na huku, maana maumivu ya shingo hushuka begani. Akauliza kama kifua hunibana nikipanda ngazi, kwani bega la kushoto mara nyengine ni moyo unaolalamika.

Kisha akasema, "Haya bibi, nyanyua mwenyewe." Mkono ukakwama chini kidogo ya bega. "Sasa ulegeze, nikunyanyulie mimi." Ukakwama pale pale. Akanikunjisha viwiko, nikavibana ubavuni, akaivuta mikono nje kama anafungua mlango wa mbao mbili. Wa kulia ulifunguka. Wa kushoto, komeo.

Alinieleza kwamba kano ikichanika, mara nyingi mtu hushindwa kuupandisha mkono mwenyewe, lakini mwengine akimnyanyulia hupanda. Ukikataa hata kwa mwengine, na picha ni safi, basi bega limeganda: mfuko unaozunguka kiungo umekaza. Huwapata sana watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake zaidi, na wenye kisukari. Hapo hapo akanitoboa kidole. Kisukari ninacho, na mwenyewe sikuwa na habari.

Bega halijapona, huchukua mwaka, hata mitatu. Kila asubuhi nainama, nauacha mkono uning'inie na kuuzungusha polepole mfano wa ndoo ya kisima, kisha natembeza vidole ukutani. Nimetia alama ya mkaa kwenye chokaa. Tangu Mfunguo Mosi imepanda upana wa vidole vinne.

Mhariri, watabibu wa vijijini nawaonea huruma, foleni inawazidi. Lakini yule bibi hakutumia hata robo saa, wala hakutumia umeme. Wenzangu wa pwani wana magoti na viuno vya miaka, wamemeza vidonge mpaka matumbo yanawaunguza, na ukiwauliza nani alikushika goti akalikunja, wanacheka.

Wanaohusika watuwekee sehemu ya kuvua kwa staha, na mwanamke mwenzetu wa kusimama karibu. Kama shida ni pazia, kikundi chetu kitatoa doti mbili za kanga, na kamba ya kutundikia tunazo tele.

Mkulima wa mwani,
Jambiani, Unguja