Shukrani kwa nesi wa kwenye kosta ya Tukuyu

Wana Mbeya naombeni mnifikishie salamu kwa huyu dada, jina sina, tulikaa nae siti moja kosta ya kutoka Tukuyu. Binti yangu (karuhusu niandike) ana ugonjwa wa kurithi wa tezi za juu ya figo, hazitengenezi kotisoli (homoni inayosaidia mwili kuhimili ugonjwa) ya kutosha halafu zinamwaga homoni za kiume nyingi mno, ndo maana nywele za siri zilimuota akiwa darasa la kwanza, akarefuka kuliko wote, saa hii yuko fomu tuu wenzake wamempita kimo na hedhi haieleweki. Kuna mhudumu mmoja alimwambia mbele yangu huyu hazai. Toka hapo vidonge akawa anatema.

Dada alitusikia tunabishana. Akatoa kalamu akachora figo nyuma ya tiketi, tezi zimekaa juu kama vikofia, akamweleza binti, sio mimi, kwamba dawa ikitumika vizuri hedhi mara nyingi hutulia na wanawake wengi wenye hali hii wanabeba mimba, ila siku akitaka mtoto, mwenza wake apimwe kwanza vinasaba. Akaandika: dawa isikatwe ghafla, homa kali dozi inapandishwa kama daktari alivyoelekeza. Tulivyoshuka akapanda bajaji na sisi hadi hospitali, akasimama dirishani mpaka faili likapatikana, nauli kalipa yeye (nilinuna kidogo, mi mtu mzima bwana).

Manesi wengine, ongeeni na mtoto mwenyewe, anaelewa. Vidonge anameza sasa. Ndaga fijo (asante sana) dada.