Mchoro wa mtaa ubandikwe ofisi ya mtaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotugusa wakazi wengi wa Jiji la Dodoma, nalo ni utaratibu wa kubadili matumizi ya viwanja, na hasa jinsi maeneo ya wazi yanavyogeuzwa kuwa viwanja pasipo majirani kupata habari mpaka siku wanapoona mawe na mchanga vikishushwa.

Mji wetu haujawahi kukosa ramani. Tangu TANU ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa, ardhi ya hapa imepangwa na kupangwa upya. Mpango kabambe wa kwanza, ulioandaliwa na kampuni ya Kanada, ulikamilika mwaka 1976. Ukafanyiwa marekebisho, na sasa tunao ule wa 2019 hadi 2039. Waandaaji wa ule wa kwanza waliwafikiria watu wanaokwenda kwa miguu na kwa basi, wakaacha mikanda ya kijani kati ya makazi. Kwa hiyo mwenye kudai kwamba tatizo la Dodoma ni kukosa mipango hajaitazama historia yake. Tatizo ni kwamba mipango hiyo imekaa kwenye makabati na kompyuta za ofisi, wakati mkazi anayeishi ndani ya mchoro wa mipango miji, yaani ramani inayoonyesha viwanja, barabara na maeneo ya wazi ya mtaa wake, hajawahi kuuona.

Nakiri kwamba kazi ya maafisa mipango miji si nyepesi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo ambalo sasa ni Jiji, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu watu 765,179. Ongezeko la namna hiyo ndani ya miaka kumi huleta maombi ya vibali vya ujenzi, migogoro ya viwanja vyenye wamiliki wawili, na mashamba ya zamani yanayotakiwa kupimwa kabla wenyewe hawajayauza vipande vipande. Afisa anayebebeshwa yote hayo hawezi kuzunguka kila mtaa akikagua kama eneo la wazi bado liko wazi. Walioko mtaani kila siku ni wakazi, na ndio wasiopewa nyenzo ya kukagulia.

Tuchukue tangazo la kusudio la kubadili matumizi ya ardhi. Huchapishwa gazetini kwa herufi ndogo (nawe Mhariri unayafahamu matangazo hayo vizuri kuliko mimi), likitaja kiwanja kwa namba yake na herufi ya kitalu. Nani katika sisi anaijua namba ya kiwanja cha jirani? Tunakijua kwamba ni pale kwa mama anayeuza chapati, karibu na mnara wa simu. Muda wa kutoa pingamizi unapita, na nyumba ya kuishi inageuka kuwa grosari au karakana ya kuchomelea vyuma, au inajengewa fremu za maduka ambazo ngazi zake zinashuka hadi ndani ya hifadhi ya barabara, kiasi kwamba gari la kunyonya majitaka haliwezi tena kukata kona. Pengine mwenye fremu hajavunja sheria hata moja. Ana kibali mkononi. Majirani nao hawakunyimwa haki ya kupinga, ila haki hiyo imewekwa mahali wasipofika.

Maeneo ya wazi yana udhaifu wa ziada. Kiwanja cha mtu kikivamiwa, yupo mwenye hati atakayekwenda mahakamani. Uwanja wa watoto kuchezea hauna mwenye hati. Ni wa wote, na kwa sababu hiyo anayeutamani hakutani na mlalamikaji. Hali ni hiyo hiyo kwenye kingo za makorongo. Mgeni anayefika Dodoma mwezi Agosti ataona mfereji wa mchanga mkavu na kudhani ni ardhi iliyolala bure, lakini anayeishi hapa anajua kwamba mvua zetu, chache kama zilivyo, hushuka kwa nguvu kati ya Desemba na Aprili, na korongo hilo hudai njia yake kwa siku moja. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 ilizuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na kwenye mchoro ukanda wa aina hiyo huonekana bayana. Mnunuzi angeonyeshwa mchoro kabla ya kutoa fedha, wengi wasingenunua hapo.

Lipo jambo lingine ambalo madiwani wetu hawapendi kulisema hadharani. Mamlaka ya Ustawishaji ilipovunjwa Mei 2017, baada ya miaka mingi ya malalamiko ya wananchi kuhusu ardhi, majukumu yake yaliingia halmashauri. Halmashauri hiyo hiyo ndiyo inayopanga, inayopima, inayouza viwanja na inayotakiwa kuyalinda maeneo yasiyouzwa. Mapato ya viwanja yamejenga mengi, nasi tunayaona. Hata hivyo, taasisi inayopata fedha kila inapoongeza kiwanja inahitaji mtu wa nje wa kuichunga, na hapa mtu huyo ni mkazi wa mtaa.

Ombi langu si la gharama kubwa. Kila ofisi ya serikali ya mtaa ibandikwe nakala ya mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa, yenye namba na tarehe ya kuidhinishwa, huku maeneo ya wazi, barabara na makorongo yakitiwa rangi na kuandikwa majina ambayo wenyeji wanayatumia. Anayeomba kubadili matumizi aweke bango kwenye kiwanja chenyewe, na mwenyekiti alisome ombi hilo katika mkutano wa mtaa kabla halijafika kwenye kamati. Na pale ambapo eneo la wazi linapunguzwa kwa sababu ya kweli, kama vile zahanati, tangazo liseme ni ardhi gani inayotolewa badala yake.

Najua nitaambiwa kwamba siku hizi taarifa za ardhi zinapatikana kwenye mifumo ya kidijitali. Mifumo hiyo humsaidia mwenye kiwanja kufuatilia kiwanja chake, bali haimwonyeshi mzee asiye na simu janja kwamba njia ya kwenda kisimani imepewa namba na kuuzwa. Karatasi ukutani itamwonyesha, na mjukuu wake atamsomea.

Nawaomba madiwani walifikishe suala hili kwenye kamati inayohusika na mipango miji kabla viwanja vingine havijatangazwa kuuzwa, na idara ianze na mitaa ambayo michoro yake imeshabadilishwa zaidi ya mara moja.

Mkazi wa Miyuji,
Dodoma