Kwa Selemani, kuhusu Trist

Ndugu yangu Selemani,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima, ila msimu wa korosho umetushika na ndiyo sababu nimechelewa kukujibu.

Katika barua yako ulimsifu sana Nicholas Trist, yule mjumbe wa Marekani wa karne ya kumi na tisa, ukasema laiti wajumbe wote wangekuwa na moyo kama wake. Nimekuwa nikimsoma tangu hapo. Ulichokisema kuhusu Meksiko ni kweli tupu. Aprili 1847 Rais Polk wa Marekani alimtuma kwa siri akatafute amani, vita kati ya Marekani na Meksiko vikiwa vinaendelea. Mwanzoni yeye na Jenerali Winfield Scott, mkuu wa jeshi la Marekani kule, walikuwa hawaivi kabisa, wakitukanana kwa barua ilhali wako kambi moja, mpaka Trist alipougua na Scott akampelekea kopo la jemu ya mapera. Tangu siku ile wakawa marafiki. Nilipenda sana kisa hicho.

Novemba ikafika amri ya kumrudisha Washington. Jiji la Mexico lilikwisha kutekwa na Wamarekani, na wakubwa wa Trist sasa walitaka ardhi zaidi. Wapo waliotaka hata nchi nzima imezwe. Trist aliona kwamba akiondoka, serikali ya Meksiko iliyokuwa tayari kuzungumza itaanguka na vita havitakwisha. Akamwandikia Rais barua ya kurasa 65 kumweleza kwa nini harudi! Tarehe 2 Februari 1848, pale Guadalupe Hidalgo, mkataba ukatiwa saini. Meksiko ilipoteza zaidi ya nusu ya ardhi yake kwa dola milioni 15. Baadaye alikiri kwamba siku ile aliona aibu kwa niaba ya nchi yake. Polk alikasirika, lakini mkataba ulikuwa umempa alichokitaka tangu mwanzo, akaupeleka Seneti ukapita. Trist mwenyewe akafukuzwa, mshahara wake ukakatwa.

Lakini Selemani, hukugusa Havana. Kabla ya hayo yote, kuanzia 1833 hadi 1841, Trist alikuwa konsuli wa Marekani kule Cuba. Alikuwa mtu wa Virginia, mwanafunzi wa sheria wa Thomas Jefferson, aliyepata kuwa Rais wa Marekani, na mume wa mjukuu wa Jefferson, na utumwa aliukuta nyumbani. Biashara ya kuvusha watu baharini ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku na Marekani na Hispania pia, ila Havana iliendelea mchana kweupe, na meli nyingi zilijificha chini ya bendera ya Marekani. Hati za meli hizo zilipita mezani kwake. Richard Madden, daktari wa Ireland aliyewekwa na Waingereza kuwatetea Waafrika waliokombolewa, alimshutumu hadharani mwaka 1839.

Unajua mimi ni Mmakua. Miongoni mwa walioshushwa Cuba miaka ile walikuwamo watu waliotolewa pwani ya Msumbiji, na huko kisiwani waliitwa kwa jina hilohilo letu. Nilipofika hapo nilifunga kitabu, nikaenda kukaa nje na bibi bila kumwambia kitu. Mtu aliyeweza kumgomea Rais kwa ajili ya Wameksiko alikaa miaka minane bandarini na hakuwagomea wenye meli. Ujasiri wa 1847 siukatai. Nauliza ulikuwa wapi 1837.

Baada ya kufukuzwa aliishi kwa shida, akafanya kazi ya ukarani katika kampuni ya reli. Mwaka 1860 alimuunga mkono Lincoln, aliyepinga utumwa kuenea, awe Rais, jambo ambalo wenzake wengi wa majimbo ya Kusini yenye watumwa wasingelithubutu, nami nimelipima kwa haki. Deni lake la mshahara Bunge lililipa mwaka 1871, zaidi ya dola 14,000, na Rais Grant alikuwa amempa kazi ya kusimamia posta ya Alexandria, Virginia. Alifariki 1874.

Niandikie unavyoliona jambo la Havana, usinifiche. Bibi anakusalimu, anauliza utakuja lini.

Wako,
Issa